Mama Yupi

Asubuhi ile Dokta Subilaga Mwakibete aliwahi kazini kuliko wote. Si kwamba alikuwa na kazi ya haraka. Hakutaka kupita getini wakati watu wanampongeza mwenzake.

Kuwahi hakukumsaidia. Geti la Taasisi ya Kinga, pale Mbeya chini ya mlima Loleza, lilikuwa limepambwa tangu jana yake. Bango refu la ghorofa mbili lilimwonyesha Dokta Salhina Kiango akicheka, na juu ya kichwa chake maneno ya kumkatisha mtu hamu ya chai: NANI KAMA MAMA. Picha yenyewe ilikuwa hai, kama mabango yote ya siku hizi. Kila aliyepita, Salhina alimgeuzia uso na kumkaribisha.

"Karibu sana," bango lilimwambia Subilaga.

"Mimi ni wa hapa," Subilaga alijibu, kisha akaona haya kwa kubishana na bango.

Mlinzi alimsikia, akacheka. "Shikamoo dokta. Umemwona mwanafunzi wako alivyotoka?"

"Marahaba. Nimemwona."

"Sifa zote ni zako. Si wewe ndiye uliyemfundisha?"

Watu wenye nia njema wana namna yao ya kumchoma mtu. Subilaga alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akapita.

Ni kweli alimfundisha. Miaka tisa nyuma, darasani, alikuwa akieleza jinsi chembe nyeupe za damu zinavyomtambua mgeni mwilini, akasema kwa kupita tu: "Mama hubeba mtoto miezi tisa, na mtoto huyo nusu yake ni mgeni, maana nusu ni ya baba. Chembe za mama humwona, humzoea, hazimgusi. Ajabu, eh? Tuendelee." Akaendelea. Wanafunzi ishirini na wanane waliandika yaliyofuata. Salhina aliandika hilo la kupita.

Angekuwa ameiba, ingekuwa nafuu, maana mwizi hushitakiwa. Salhina alikuwa amesikiliza tu, akafanya kazi miaka tisa, na kila alipohojiwa alisema wazo alilitoa kwa mwalimu wake, akamtaja kwa jina na ukoo. Subilaga hakuweza hata kumchukia kwa raha.

*

Chumba cha mashine kilikuwa kimya. Upande wa kushoto zilipangwa chupa za Jando, kazi ya maisha ya Subilaga. Jina hilo alilitoa mwenyewe, kwa sababu chembe zilitolewa mwilini kwa mgonjwa, zikafichwa mbali wiki sita, zikafunzwa, zikarudishwa nyumbani zikiwa watu wazima. Saratani si mgeni. Ni mtoto wa nyumbani aliyeharibika, na ndiyo maana askari wa mwili humpita bila kumshuku. Jando iliwafunza kumshuku. Imeokoa watu mia nne na kitu. Wengine wamekufa wakisubiri wiki sita ziishe, na hao Subilaga alikuwa na majina yao yote kichwani.

Upande wa kulia kulikuwa na chupa moja tu, ya Malezi. Hiyo ndiyo njia ya Salhina. Kwa nini uanze kumfundisha askari asimguse mwenye nyumba, wakati kuna askari aliyejifunza hilo zamani, miezi tisa, bila mwalimu? Salhina alichukua chembe za mama. Subira juu ya mtoto zilikuwa nayo tayari. Akazifundisha kitu kimoja tu, kumkamata yule mtoto mbaya, na kukifundisha kulichukua siku nne tu. Zikiingia mwilini zilianza kazi ndani ya dakika. Wagonjwa kumi na mmoja, na wote wanatembea.

Katikati ya ukuta kulikuwa na kipimo cha ukali wa chembe. Kwenye vitabu kina jina refu, lakini pale wote walikiita wivu. Chembe isiyo na wivu haifai, inamkuta mwizi sebuleni na kumpisha. Chembe yenye wivu wa kupindukia inachoma nyumba na wenyewe wamo ndani. Jando ilikaa kwenye arobaini, Malezi thelathini na tano. Chini ya kipimo, fundi mmoja mtani alikuwa amebandika karatasi: MWENYE WIVU AJINYONGE. Subilaga aliamini karatasi ile iliwekwa kwa ajili yake. Huenda alikuwa sahihi.

Na mgonjwa wa leo alikuwa wake. Hilo ndilo lililomkaa kooni. Lugano, mwalimu wa hesabu, miaka ishirini na sita, saratani ya kongosho, alikuwa kwenye orodha ya Jando. Alikuwa na wiki nane za kuishi, na Jando ilitaka sita, hivyo nafasi ilikuwepo, ingawa nyembamba. Ndipo kamati ikasema kwa nini ahatarishe, kama mama yake yupo hai na Malezi ni siku nne. Wakamhamisha. Wakamwalika na Waziri aje kuona.

*

Watumishi wote walikuwa wamekwenda kufunika viti vitambaa, na mama wa mgonjwa alikuwa amekaa peke yake kwenye chumba cha kungojea, mikono kwapani kwa baridi. Alifika wiki iliyopita kutoka Rungwe kutolewa chembe. Subilaga alikuwa hajawahi kuonana naye. Koti lake la kazi lilikuwa bado ofisini, begani amejitanda khanga. Alichukua chupa ya chai na vikombe viwili, akaingia, akamsalimia kwa Kinyakyusa, na uso wa mama yule ukafunguka.

"Angalau mtu wa nyumbani," alisema. "Hawa wengine wananiambia mambo, naitikia tu."

"Pole na baridi, mama. Kunywa ya moto."

Mama Lugano alikuwa amevuka sitini, mfupi, sweta lake limetiwa viraka kwa uzi wa rangi nyingine. Alikunywa kwa mikono miwili. Subilaga alimwuliza Lugano alikuwa mtoto wa namna gani, kwa sababu lazima mtu aulize kitu.

"Mlafi," mama alisema, akicheka kidogo. "Ng'ombe wa babu yake alimmaliza. Usiku kucha ni maziwa. Na mimi kifuani sina hata tone."

"Maziwa yalikataa kutoka?"

"Yangetoka wapi, mwanangu, nami sijawahi kuzaa?" Aliweka kikombe chini. "Aliyemzaa ni mdogo wangu, Atuganile. Damu haikukatika, siku ya nane akafa. Akaniambia, dada, huyu ni wako. Basi. Tangu siku hiyo mimi ni Mama Lugano. Yeye hajui mama mwingine, nami sijui mtoto mwingine."

Subilaga alimsogelea. "Hapa hawakukuuliza habari hiyo?"

"Waliniuliza, wewe ni mama yake? Nikasema ndiyo. Kwani nani mwingine?"

Hakuwa amedanganya. Kwao, na kwa Subilaga pia, dada wa mama ni mama, na mtoto anayemwita kwa jina jingine huulizwa amelelewa na nani. Subilaga mwenyewe alikua na mama watatu, na mpaka anaanza shule hakujua ni yupi aliyemzaa.

Lakini chembe hazijui adabu za watu. Mama huyu hakumbeba Lugano hata siku moja. Chembe zake hazikupata ile miezi tisa. Subira ambayo Salhina aliikuta kwa mama kumi na mmoja, humu haikuwemo. Kipimo cha haraka kilionyesha nusu ya alama zinafanana, na kwa dada wa damu wa mama mzazi hilo hutokea. Kipimo cha kina kilihitaji siku tisa, na kwa mama, kamati ilisema, hakuna haja.

Subilaga ndiye aliyewahi kusema haja ipo. Miezi sita nyuma, kwenye kikao, alipendekeza fomu iwe na swali: ni nani aliyembeba mgonjwa tumboni? Salhina alimjibu kwa heshima zote. "Mwalimu, mama anakuja kutoa damu amwokoe mwanawe, nami nimwulize kama kweli alimzaa? Kwetu Tanga nitachapwa." Kikao kizima kilicheka. Subilaga naye alicheka, akafuta swali. Kicheko kile alikuwa nacho mpaka leo.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na robo.

"Ngoja nirudi, mama," alisema, akainuka.

Kutoka pale hadi chumba cha maandalizi ni hatua thelathini. Alikwenda kumi na kitu. Mlango ulikuwa wazi, na ndani wauguzi walikuwa wakimvisha Salhina koti jipya lenye jina lake kwa uzi wa dhahabu, mmoja akapiga kigelegele, wengine wakadakia. Salhina alikuwa amefunika uso kwa aibu, anacheka. Alikuwa amependeza, mlinzi alisema kweli.

Subilaga alisimama. Ratiba aliijua kwa moyo. Waziri saa nne. Hotuba. Kisha maswali. Dripu saa nne na nusu. Muda upo, alijiambia. Na kama muda upo, kwa nini amnong'oneze Salhina pembeni, Salhina asahihishe kimyakimya, amshukuru, na kesho ahadithie tena jinsi mwalimu wake alivyomsaidia? Kwa nini asiulize wakati wa maswali, mbele ya watu wote, kwa sauti ya upole kabisa: Dokta Kiango, ni nani aliyembeba mgonjwa tumboni?

Mgonjwa asingedhurika. Dripu isingefunguliwa. Watakaoumia ni koti na uzi wake wa dhahabu.

Akageuka, akaenda ofisini kwake.

*

"Karani," aliiambia mashine ya kumbukumbu, akivaa koti. "Fungua faili la Lugano. Uhusiano wa mchangiaji?"

"Mama," Karani ilijibu.

"Mama yupi?"

"Swali halijaeleweka. Mgonjwa ana mama mmoja."

Alicheka peke yake. Kisha alichukua kalamu na karatasi, kwa sababu swali lililoandikwa kwa mkono huonekana halikupangwa. Sentensi ya kwanza ilikuwa kali mno, akaikata. Ya pili ilikuwa na chumvi. Ya tatu ilianza na pongezi, na hiyo aliipenda, maana mtu akipongezwa kwanza huanguka vizuri zaidi. Alikuwa bado anachagua kati ya "tumboni" na "mimbani" aliposikia makofi.

Yalitoka kwenye runinga ya ukutani, iliyokuwa ikionyesha ukumbi. Alitazama. Waziri alikuwa ameketi mbele kabisa, na nyuma ya dirisha la chumba cha tiba Lugano amelazwa, na mfuko wa Malezi ulikuwa unaning'inia, unadondoka.

Ujumbe ulikuwa unawaka kwenye kioo cha meza yake, umefunikwa na karatasi aliyokuwa akiandikia, tangu saa tatu na nusu. Waziri amekwishafika, na rubani wake amesema ukungu utashuka mapema, mheshimiwa lazima awahi kuondoka. Tiba inatangulia. Hotuba baadaye.

Subilaga alikimbia, viatu vikabaki njiani. Alipofika ukumbini, kipimo cha wivu, kilichoonyeshwa na huko ukutani, kilikuwa kwenye arobaini na nane, na Salhina, ambaye hajawahi kukiona juu ya thelathini na saba, alikuwa anakitazama kwa kukunja uso huku akimweleza Waziri kwamba kila mwili una namna yake. Hamsini na tano. Nyuma ya kioo shingo ya Lugano ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

"Zima," Subilaga alisema.

"Mwalimu?"

"Si yeye aliyemzaa. Ni mama yake mkubwa. Zima chembe zote."

Sabini na moja. Mtu mwingine angebisha, angeomba ushahidi, angeangalia uso wa Waziri. Salhina hakufanya hata kimoja. Alibonyeza kizimio kilichofungwa ukutani kwa ajili ya siku kama hiyo, na dawa ikaingia mkononi mwa Lugano, dawa ambayo kila chembe ya Malezi ilitengenezwa ife ikiionja. Kisha aliingia ndani, akamkalisha mgonjwa, akamshikia barakoa ya hewa puani kwa mikono yake. Subilaga alivaa barakoa na kofia, akaingia nyuma yake. Walifanya kazi bega kwa bega kama zamani maabara, mmoja akinyoosha mkono, mwingine anajua anataka nini. Ilichukua nusu saa kipimo kurudi sifuri.

Lugano aliishi. Lakini mapafu yalikuwa yameungua sehemu, na ini pia, na mwili uliokuwa na nguvu za wiki nane ulikuwa umetumia nusu yake asubuhi moja. Salhina alihesabu mara mbili, akampa Subilaga karatasi ahesabu na yeye. Wiki nne. Tano, Mungu akipenda. Malezi yasingemfaa tena, maana mama aliyembeba alizikwa miaka ishirini na sita iliyopita. Iliyobaki ni Jando, na Jando ilitaka sita.

*

Waziri aliondoka na ukungu wake. Kabla ya kupanda gari alimshika Subilaga mkono, akasema nchi inahitaji macho kama yale. Mpigapicha akawapiga. Getini bango lilikuwa limezimwa, limebaki kitambaa cheusi, na wauguzi waliokuwa wakipiga vigelegele sasa walimpisha Subilaga njia na kumwita mwalimu kwa sauti ya chini. Kila alichokuwa akikitaka kwa miaka tisa alikipata kabla ya saa nane mchana.

Mama Lugano alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mgonjwa. Salhina alikuwa amepiga magoti mbele yake, lile koti jipya likigusa sakafu.

"Kosa ni langu, mama," Salhina alikuwa anasema. "Nilipaswa kuuliza. Niliambiwa niulize, nikaona ni utovu wa adabu."

"Wewe mtoto ungejuaje? Ni mdomo wangu mimi. Nimemchinja mwanangu kwa kunyamaza." Mama alikuwa analia bila sauti, akijifuta kwa mkono wa sweta. "Na wala sikunyamaza kwa kuficha. Hata leo asubuhi nimelisema. Nilimwambia yule mama wa chai, yeye tu. Na yule maskini angejua ni jambo kubwa?"

Salhina aliinua uso. "Mama wa chai yupi?"

Subilaga alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwao, barakoa usoni, kofia mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Angeweza kwenda zake. Angeweza kusema kwamba maabara inamwita, na ni kweli ilikuwa inamwita, maana Lugano alihitaji kuanzishwa Jando saa ile ile. Mama angeendelea kujilaumu, Salhina angeendelea kujilaumu, wangegawana lawama wawili hao mpaka ziwatoshe, na zote hazikuwa zao. Aliona jinsi ilivyo rahisi. Akauogopa urahisi wenyewe.

Alivua barakoa.

"Mimi ndiye niliyekuletea chai, mama," alisema.

Mama Lugano alimtazama, akaitafuta ile khanga begani, akamtambua.

"Saa ngapi?" Salhina aliuliza. Alikuwa bado amepiga magoti.

"Saa tatu na robo."

"Dripu niliifungua saa nne kasoro ishirini."

"Najua."

"Nilikuwa hapo, mwalimu. Mlango ulikuwa wazi."

"Nilikuona. Nilifika karibu, nikarudi. Nilitaka nikuulize mbele ya Waziri." Aliikunja barakoa mkononi. "Nilikuonea wivu, Salhina. Nimekuonea wivu miaka tisa, na leo nilipata nafasi."

Salhina alisimama taratibu, akishika ukuta. Alianza kufungua vifungo vya lile koti, kimoja kimoja, kana kwamba hiyo ndiyo kazi aliyobakiwa nayo.

Mama Lugano aliwatazama wote wawili. Mambo ya mabango na majina ya dhahabu hayakuwa yake, na ungemwona jinsi anavyojitahidi kuyafuata, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza lugha ya jirani.

"Basi ulimwonea wivu huyu," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Hutokea kwa watu." Alikunja mikono mapajani, akamtazama Subilaga machoni, bila hasira, akitaka tu kuelewa. "Sasa Lugano, yeye alikukosea nini?"

Ndani, nyuma ya mlango, sauti dhaifu ilikuwa inamwita mama. Mama Lugano hakungoja jibu. Aliinuka, akaingia kwa mwanawe, akaufunga mlango nyuma yake.